Ukurasa wa Saba Ulioachwa Wazi

9 Februari

Kwako Dada,

Nakusalimu wewe na Mama. Natumaini goti lake limetulia na anakunywa dawa bila kubembelezwa. Mimi mzima. Chiriku naye mzima wa mwili, ila jina hilo kwa sasa halimfai, maana tangu wiki iliyopita haongei. Anaitikia kwa kichwa tu. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa anapiga soga hata mswaki ukiwa mdomoni!

Usipige ile namba ya simu, laini nimeivunja. Nyumba ile hatupo tena, na mji ule tumeuhama. Ukitaka kuniandikia, tumia sanduku la posta la yule nesi jirani yangu wa zamani. Yeye anajua namna ya kunifikishia.

Refa alikuja.

Ilikuwa mchana, nipo kazini. Hujawahi kufika pale, kwa hiyo nikueleze. Mbele ni duka lenyewe, kuta zimejaa fremu za miwani. Katikati ni chumba cha kupimia macho. Nyuma ndiyo karakana yangu, na mashine ya kusaga lenzi. Nilikuwa nasaga, maji yananirukia kifuani, mashine inanguruma. Nikaizima niangalie ukingo wa lenzi, ndipo nikaisikia sauti. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Miaka yote ya ndoa ilikuwa ikinitangazia makosa kana kwamba nyumba yetu ni uwanja na filimbi anayo yeye peke yake.

"Nataka kupimwa macho," alikuwa akimwambia bosi wangu. "Naona yamepungua nguvu. Nina mke, mwaka mzima sijamwona."

Akacheka. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango. Alikuwa amemshika mkono Chiriku. Chiriku yuko kwenye sare, mkoba mgongoni, saa ambayo alipaswa kuwa darasani. Nilijishikilia kwenye mashine.

Bosi wangu, mpima macho, si mtu wa maneno mengi. Habari zangu anazijua juu juu tu. Lakini alimtazama mtoto, akaona mtoto anatazama mlango wa karakana, akaelewa.

"Karibu ndani," akasema. "Mtoto angesubiri kwenye benchi."

"Mtoto haachi mkono wangu."

"Hakuna shida. Kaa hapa. Nakutia matone ya kupanua mboni, yanawasha kidogo. Fumba macho, usifumbue mpaka nikuambie. Mikono weka magotini, usijifute."

Matone hayo sisi tunayajua. Ukishatiwa huoni karibu vizuri mpaka jioni, na gari huwezi kuendesha. Refa akafumba macho, mikono magotini, kama mwanafunzi. Bosi akaendelea kumuuliza kama ana kisukari, kama baba yake aliwahi kuvaa miwani, huku ananyoosha mkono nyuma ya mgongo na kufungua mlango wangu. Chiriku akaja kwa ncha za vidole. Tulitokea uchochoroni, kwenye mapipa ya vioo vibovu, sikuchukua hata pochi.

Sasa naja kwenye lililonikaa kooni. Mwalimu mkuu anasema alimtoa mtoto kwa sababu baba alionyesha karatasi zenye muhuri wa mahakama. Karatasi gani? Mji ule niliutaja kwa mtu mmoja tu upande huo wa dunia, na mtu huyo ni wewe, kwa sababu ni dada yangu na ni wakili wangu. Nilikuomba kitu kimoja. Nilikwambia shinda kesi au shindwa kesi, lakini usiandike mahali tunapoishi.

Nijibu.

Mdogo wako


2 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata ofisini, nikajifungia chooni kuisoma kwa sababu ofisi ilikuwa imejaa wateja. Nimelia. Namshukuru Mungu mmetoka salama, na huyo mpima macho nampa heshima zangu zote.

Huku tunaendelea. Goti la Mama halijambo, sasa analalamikia bega. Anashinda dirishani anafuma, na kila anayepita chini lazima amseme nguo alizovaa. Habari za Refa sijamwambia. Presha yake unaijua.

Kuhusu swali lako. Nimefuatilia jambo hili kwa makini. Katika hati yako ya kiapo anwani zote nilizifuta mimi mwenyewe kwa wino mweusi. Hilo nakuhakikishia. Bahati mbaya, wakati wa kupanga viambatisho inaonekana barua ya shule iliingizwa kama ilivyo. Viambatisho hupangwa na Bi Karani. Nimemwita, nimemuuliza, hakuwa na majibu ya kuridhisha, na nimemsimamisha kazi, na masjala ya mahakama nimeiandikia hivyo. Imeniuma, kwa sababu amekaa nami tangu nifungue ofisi, lakini kosa la namna hii haliwezi kupita hivi hivi.

Nakuomba utulize moyo. Kesi yetu ni nzuri. Refa alikuwa anamwambia hakimu kwamba mtoto hasomi, anazurura. Barua ya mwalimu mkuu ilimfunga mdomo kabisa. Kwa kweli tuko karibu kushinda.

Niambie mlipo sasa ili nijue namna ya kuwalinda. Siandiki popote.

Dada yako akupendaye


20 Machi

Dada,

Habari za huko? Huku mvua, na chumba tulichopata kinavuja upande wa kitanda, kwa hiyo tunalala tumejikunja upande mmoja kama nguo kwenye sanduku. Chiriku alisema neno moja juzi. Alisema "hapana". Nilikuwa nimemwambia nimemtafutia shule.

Bosi wangu amenitumia pochi yangu kupitia kwa nesi. Ndani yake ameweka karatasi ambazo Refa aliziacha kwenye kiti cha kupimia. Alipofumbua macho na kukuta mtoto hayupo, aliruka, akagonga taa, akatoka anapapasa ukuta. Karatasi zikabaki.

Nimezisoma, Dada. Mimi si wakili, lakini kusoma tulifundishwa wote.

Ukurasa wa tatu una mistari myeusi, kweli umefuta. Ukurasa wa saba ni barua ya shule. Hapo hakuna wino. Jina la shule, mtaa, darasa la mtoto, jina la mwalimu wake, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mwalimu mkuu: "Mama yake hupatikana duka la miwani lililo mkabala na posta." Ungeongeza na saa ya kufunga duka ungekuwa umemaliza kazi!

Na pembeni ya ukurasa huo huo kuna muhuri wa ofisi yako, na juu ya muhuri kuna saini. Si ya Bi Karani. Karani hasaini viambatisho, au siku hizi mawakili mmegawa na saini? Ni ile saini yako yenye mkia mrefu, uliyoanza kujifunza nyuma ya madaftari tukiwa watoto, ukajisifu kwamba siku moja watu watailipia.

Kwa hiyo uliuona ukurasa. Uliushika mkononi. Ukausaini.

Barua ile nilikutumia uisome wewe. Nilikwambia, hakimu akitaka ushahidi, mpe aione peke yake. Ukanijibu kwamba njia ipo, mnaiweka ndani ya bahasha iliyofungwa kwa ombi maalumu, na haingii kwenye jalada ambalo kila mtu anaweza kwenda masjala kuliomba. Maneno yako hayo, mimi nilikuwa sijui hata masjala ni nini. Basi ile bahasha iko wapi?

Na bado ukapata nguvu ya kumtoa mwanamke wa watu kazini. Yule mama amekuandalia chai miaka yote hiyo, amekusikiliza ukiwaponda mahakimu, amekutunzia siri ambazo mimi ndugu yako sizijui. Ukamtupa nje ili uweze kuniandikia barua yenye sura ya huzuni. Unaniambia imekuuma! Imekuuma wapi?

Mrudishe Bi Karani. Mwambie Mama ukweli. Na usiniulize tena nipo wapi. Huoni aibu kuniuliza hivyo!

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo.

Nimesubiri ili nisikujibu kwa hasira, na naona kusubiri hakujasaidia. Ni rahisi sana kukaa huko na karatasi mkononi ukanipigia hesabu. Hukuwepo. Hujui wiki ile ilikuwaje. Nilikuwa na kesi nyingine mbili, hakimu alikuwa anakwenda likizo, na Refa alikuwa ameleta mashahidi watano wa kuapa kwamba wewe umepungukiwa akili na mtoto analala vituo vya mabasi. Ningenyamaza? Ombi la bahasha lingetusogeza mbele mwezi mzima, na ndani ya mwezi huo angeweza kupewa mtoto kwa muda. Hilo hulisemi.

Na kuna jambo jingine hulijui. Wakili wa upande wa pili alipoona hati ile yenye habari za mtoto, alipaswa kunipigia simu. Yeye akamkabidhi mteja wake nakala nzima. Mkasirikie na yeye kidogo, basi. Mbakizie robo ya hasira.

Nimekupigania tangu siku ile uliyoingia mlangoni kwangu na jicho limevimba. Sikustahili barua kama ile.

Mambo ya ofisi yangu niachie mimi.

Dada


29 Aprili

Dada,

Salamu kwa Mama.

Wewe ndiye uliyemfungulia mlango mwanamke mwenye jicho lililovimba. Jicho hilo uliliona kwa macho yako, si kwa kusimuliwa. Ndiyo maana wakili wa Refa simkasirikii. Yeye simjui na hakunipa ahadi yoyote.

Kuanzia leo wewe si wakili wangu. Nimepata mwingine. Barua ya kukuondoa atakuletea yeye mwenyewe.

Pia nimeandika malalamiko kwa kamati ya nidhamu ya mawakili, nikaambatanisha ukurasa wa tatu na ukurasa wa saba. Anwani zote nimezifuta. Nilizikata kwa mkasi kabisa, nisije nikaamini wino.

Ukiniandikia kunibembeleza nifute malalamiko, nesi ana ruhusa yangu ya kuirudisha barua.


8 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui kama nesi ataipitisha hii. Nimemwandikia pembeni kwamba haina ombi la kufuta chochote.

Mama yupo. Bega limepona, goti limerudi. Chumba chetu cha mbele tumekipaka rangi, na Mama anasema imekuwa kama hospitali.

Nilikaa kimya kwa sababu mwanzoni nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki sina la kusema. Nilianza kuandika utetezi wangu kwa kamati. Ulikuwa mzuri, najua kazi yangu. Nilieleza msongamano, nikaeleza Bi Karani, nikaeleza wakili mwenzangu. Nilipofika mahali pa kuandika "mteja hakuwa ametoa maelekezo ya wazi", mkono ulikataa. Maelekezo yalikuwa wazi. Uliniandikia kwa herufi kubwa.

Ukweli ni huu. Niliuona ukurasa wa saba. Nilijua haufai kuingia hivyo. Nilijua siri hiyo ni yako, si yangu niigawe. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya kusikilizwa, na nilitaka kuiona sura ya Refa hakimu akiisoma barua ile. Nilitamani sana, mdogo wangu. Nikasema nitaifuta asubuhi kabla ya kupeleka, nikasaini, nikaiweka, na asubuhi nikapeleka. Sikusahau. Ningekwambia nilisahau ningekuwa naongeza uongo mwingine.

Nilikwenda mahakamani mwenyewe kuomba kurasa ziondolewe na jalada lifungwe. Wakili wako mpya alikuwepo. Refa alikuwepo, amevaa miwani myeusi. Wakili wake akasimama na kusema hati aliipokea wazi, na kuifunga lilikuwa jukumu langu. Nilikuwa nimejiandaa kumrarua. Hakimu hakunipa nafasi.

"Wakili," akaniuliza, "mteja wako alikuambia nini kuhusu mahali anapoishi?"

"Aliniambia nisiandike."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

"Na barua yako kwa masjala inasema lilikuwa kosa la karani."

"Si kweli. Saini ni yangu."

Chumba kilikuwa kimejaa. Vijana niliowafundisha kazi walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Hakimu akaandika, akaandika, nikasikia kalamu. Kisha akaamuru kurasa zitolewe, jalada lifungwe, na nakala zote zilizotoka zirudishwe. Wakili wa Refa naye alipewa maneno yake, lakini hayo siyahesabu kuwa faraja.

Bi Karani alikuwa amekaa nyuma. Sikumwalika. Nilimfuata kwenye korido, nikamwambia nimesafisha jina lake.

"Umelisafisha hapa," akasema. "Mimi uliniita mzembe ofisini, mbele ya wateja. Kalisafishe hukohuko."

Nikampeleka ofisini, nikasema mbele ya wateja waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mmoja alichukua faili lake palepale akaondoka. Nikamwomba Bi Karani arudi kazini. Akachukua kikombe chake kabatini, akaniambia ana kazi kwingine, na hata asingekuwa nayo asingerudi.

Kamati imenisimamisha mwaka mzima. Ofisi nimeifunga. Kibao bado kiko mlangoni, nimeshindwa kukitoa.

Mama nilimwambia siku ile ile. Alikuwa anafuma. Aliendelea kufuma mpaka nikafika mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ni wewe." Tangu hapo tunaongea chakula na dawa tu.

Samahani, mdogo wangu. Najua ni neno dogo. Sikutumii lingine kwa sababu yale makubwa nimezoea kuyatumia mahakamani.

Mama anataka kuwaona. Nami nataka. Hata jina la mji tu lingenitosha.

Dada yako


30 Agosti

Dada,

Nakusalimu, na Mama pia. Mwambie sweta aliyomfumia Chiriku imefika na imemkaa, ila mikono ni mirefu. Mtoto anasema anaipenda hivyo hivyo kwa sababu anaficha vidole. Ndiyo, anasema. Ameanza tena kuongea, kwanza na paka wa mwenye nyumba, sasa na sisi wengine.

Hukumu imetoka. Mtoto ni wangu. Refa haruhusiwi kusogea shuleni wala nyumbani, na akitaka kumwona itakuwa mbele ya afisa wa ustawi, katika ofisi ya serikali, mbali na tunapoishi. Wakili mpya alipeleka kila kitu kwenye bahasha iliyofungwa. Hakimu akaisoma, akairudisha, basi. Kesi ilisogezwa mbele wiki mbili tu. Uliniambia mwezi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile sehemu ya hakimu nimeisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Nilidhani nikiiona siku hiyo, hasira itaniachia. Haikuniachia. Labda ingekuwa rahisi zaidi kama ungekuwa ulisahau. Ulitaka kuiona sura yake, mimi ndiye niliyekuja kuiona, imefumba macho kwenye kiti, na mwanangu yuko pembeni na mkoba mgongoni. Nikikumbuka hayo naweza kuvunja kitu. Hapa nilipo lenzi sisagi tena, nakunja nguo kwenye duka la dobi, na kila gari likisimama nje natazama mlango wa nyuma uko wapi.

Bi Karani alifanya vizuri. Mpelekee salamu zangu kama anakubali kuzipokea kwako.

Mama aje. Wakili mpya atampigia simu, atampandisha basi, na njiani atapokelewa na mtu atakayemleta. Wewe hutaambiwa basi lipi. Mama ameshamwahidi wakili kwamba hatakwambia, na Mama akiahidi unamjua.

Nimemwambia Chiriku kwamba bibi anakuja. Akaruka ruka. Halafu akauliza:

"Na mama mkubwa?"

"Mama mkubwa hajui tunapoishi."

"Tumwambie, basi."

Sikutaka kumjibu kwa hasira zangu. Nikamuuliza, "Nikimwambia, utaweza kulala?"

Akaingiza vidole ndani ya mikono ya sweta.

"Bado," akasema.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo, na aliyelitoa si mimi. Nitakuwa namuuliza, nakuahidi. Siku atakaponiambia anaweza, nitakuandikia anwani yote, mtaa na namba ya mlango. Mpaka siku hiyo usiiombe.

Mdogo wako